Mlinzi wa Bure wa Bi. Muzna

Mwambieni mtu mwengine kwamba wazee hawawezi kompyuta, msimwambie Bi. Muzna binti Khelef. Miaka ishirini na tisa alikuwa mpiga chapa wizarani, vidole vyote kumi vinakwenda, macho kwenye karatasi, mashine yenyewe haitazami. Wakubwa walimletea barua za Kiingereza kurasa sita, akazitoa hazina kosa hata moja, na nusu ya maneno yaliyomo hajui yana maana gani. Akiulizwa, husema, "Mimi napiga, sifasiri."

Kwa hivyo mwanawe Hisham alipokuja kwa Idi mwaka 2005, kutoka Maskati, na kompyuta ndani ya maboksi mawili, bibi huyu hakushtuka. Walioshtuka ni wapagazi. Nyumba iko Mkunazini, ghorofa ya pili, na ngazi zake za mbao zimesimama wima, mtu akipanda na mzigo hushuka na maradhi. Chini pana duka la Simai, anauza vinyago kwa watalii. Ghorofa ya kwanza walikuwa wakikaa kina Bi. Asila, wakahamia Mpendae, pakatiwa kufuli. Mume wa Bi. Muzna, marehemu Msabah, alitangulia mbele ya haki miaka minne kabla ya hapo. Mtoto ni mmoja tu, ndiye huyo wa Maskati, anafanya kazi ya kaunta katika duka kubwa la vipuri vya magari, na mke na watoto wawili anao huko huko. Basi nyumba nzima, juu mpaka chini, anayelala ndani ni Bi. Muzna peke yake. Nalisema hili mapema asije mtu akanambia kuwa mama huyu alikuwa na visa.

Hisham aliiweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, maana meza yenyewe ilikuwa haina kazi tena, akaunga modemu ya simu, kisha akatia programu moja yenye alama ya ngao.

"Hii, mama, inaitwa antivairasi. Ni mlinzi. Virusi vikitaka kuingia, yeye anavizuia mlangoni."

"Mshahara wake analipa nani?"

"Hana mshahara. Hii ya bure."

Bi. Muzna alicheka mpaka mtandio ukamvuka. "Mlinzi wa bure! Mwanangu, we umemuona wapi mlinzi wa bure asilale?"

Na sisi tusimcheke. Lugha yetu ndiyo iliyomponza. Bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni kitu kisichofaa. Mtu ukimwita mtu wa bure hukusudii kuwa hana bei. Hisham akamueleza kuwa antivairasi zipo za namna mbili. Ya kulipia ina mambo mengi: inalinda mtu anayetoa pesa zake benki kwa kompyuta, ina watu wa kuwauliza ukikwama, inajifanyia kila kitu yenyewe. Ya bure inalinda mlango tu, na kila baada ya muda inatoa dirisha la maneno, mara jiandikishe upya, mara nunua ile kubwa. "Sasa wewe mama humo huna benki. Unaandika barua na kutazama picha za wajukuu. Ya bure inakutosha khasa."

Kabla ya kuondoka waliwekeana mpango wa simu. Kupiga Maskati vocha inayayuka ungali unatoa salamu, kwa hivyo mama atakuwa anabipu, anaiacha ilie kidogo kisha anakata. Moja ni ya salamu: mimi mzima, usipige. Mbili ni za shida: nipigie. Ya tatu hawakuiweka, kwa sababu hawakuona ya kazi gani.

Ile moja aliipiga kila siku, akishamaliza chai ya asubuhi. Huko Maskati simu inalia mara moja, Hisham anajua mama kaamka. Hajibu, ndiyo makubaliano. Na barua pepe Bi. Muzna aliandika, tena ndefu, zimepangwa kiofisi, tarehe juu, kichwa cha habari kimepigiwa mstari: YAH: MVUA NA BEI YA MUHOGO. Jawabu hurudi baada ya siku nne: "Sawa mama, nko bize kidogo, ntakuandikia." Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na kazi.

Dirisha la mwanzo lilitokea baada ya miezi miwili. Bi. Muzna akabipu mara mbili, na kabla hajavaa miwani simu ikaita.

"Mama! Kuna nini?"

"Usiruke roho. Kompyuta imetoa maneno."

"Alhamdulillahi. Nisomee."

Akamsomea, neno kwa neno, nukta na mkato, kwa Kiingereza chake cha wizarani. Mlinzi alikuwa anadai ajiandikishe.

"Chini pana vidude vingapi?"

"Viwili. Kimoja kikubwa, rangi ya chungwa, kinang'ara. Kingine kidogo, kimefichwa pembeni, hata hakisomeki."

"Hicho kidogo ndicho chako. Kile kikubwa kinataka pesa."

"Alaa! Kumbe mlinzi mwenyewe anaomba mshahara!"

Hisham akacheka, kicheko kile kile cha utotoni, cha kuvuta pumzi mwishoni. Kisha akauliza, umekula nini leo? Mchuzi wa pweza. Na nani? Na nani tena, na pweza mwenyewe. Wakaenda hivyo dakika ishirini na mbili, mpaka Hisham akasema anaitwa. Siku ile Bi. Muzna alipika tena jioni, akasikiliza redio yote mpaka taarifa ya hali ya hewa, na alipolala alilala usingizi wa kweli.

Sasa, nitasema jambo, na nalisema kwa mapenzi. Mara ya tatu ya dirisha lile, Bi. Muzna alikwisha jua. Angejaza jina, angebonyeza kile kidude kidogo, ingechukua nusu dakika. Lakini uongo hakusema hata siku moja. Dirisha lipo, maneno yapo, naye anayasoma. Kusingizia maradhi alikuwa hathubutu. Mtu hajiombei baya kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini kompyuta kuugua haina dhambi. Ikawa kila wiki mbili tatu mlinzi wa bure anatoa maneno yake, na Bi. Muzna anabipu mara mbili, na sauti ya mwanawe inaingia nyumbani. Na tuseme kweli, mlinzi mwenyewe alikuwa halali usingizi. Flashi ya picha za harusi ya Ummy, mpwa wake, ilipokuja imejaa virusi, alivikamata vyote mlangoni, akauliza avifanye nini. Siku hiyo walizungumza dakika thelathini na tano.

Mwaka 2007, mwezi wa tatu, akaja mtu anaitwa Mabrouk, jirani wa Hisham huko Maskati, amekuja likizo. Alileta bakuli la halua na kiboksi chembamba cha rangi ya manjano, ndani mna sidii na karatasi ya tarakimu. Na kijibarua: "Mama, hii ni antivairasi ya kulipia, imelipiwa mwaka mzima. Mwite fundi akutilie. Inafanya kazi kimya kimya, haiulizi kitu. Sasa hutosumbuka tena."

Bi. Muzna alikisoma kijibarua mara mbili. Akamshukuru Mabrouk, akamtilia kahawa, akamuombea dua na wazee wake. Fundi Abdulhakim, mwenye kibanda cha kompyuta Mwanakwerekwe, akaja siku ya pili akamtoa mlinzi wa bure, akamtia wa mshahara.

Na kweli, kimya kimya. Wiki ya kwanza hakuna neno. Wiki ya pili hakuna neno. Bi. Muzna anaiwasha kompyuta asubuhi, anakaa mbele yake kama anayesubiri zamu hospitali, pembeni kuna kingao cha kijani, kimetulia. Anakifungua: kila kitu kijani. Anakifunga. Anabipu ile moja, mimi mzima. Basi, siku imekwisha, na bado hata saa tatu haijagonga.

Ndipo alipoteremsha kapu lake la kamba dirishani, lile la kununulia mkate, akamwita Simai wa vinyago.

"Naam, Bi. Muzna!"

"Nitilie humo flashi yako."

"Hii? Hii haifai, Bi. Muzna, inazunguka maduka yote ya intaneti, ina virusi kama kunguni."

"Ndiyo hiyo hiyo naitaka."

Akaichomeka, akakaa tayari, simu mkononi. Kikatokea kijisanduku pembeni, kikapepesa, kikapotea. Hakikuuliza. Virusi mia na kitu vimeliwa, na mama hakuambiwa hata kwaheri. Simai alirudishiwa flashi safi, akaitangaza mtaa mzima, na wiki ile kapu lilikuwa linapanda na flashi za watu kuoshwa. "Mashaallah, Bi. Muzna, una dawa kali!" wanamwambia kutoka chini. Naye anawajibu, anatania nao kidogo, kisha anavuta kamba, anafunga dirisha. Vichekesho vyote hivyo, angemsimulia nani?

Wiki ya sita akavaa buibui akaenda Mwanakwerekwe.

"Abdulhakim, nataka unirudishie ile ya bure."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Bi. Muzna, mimi watu wananijia hapa kila siku wananiuliza, ya bure au ya kulipia? Na wote nawaambia hivi: kama wewe mtu wa nyumbani, huna benki humo, huchomeki takataka, na unaijali kila ikidai kujiandikisha, ya bure inakutosha, usitupe pesa. Lakini wewe ya kulipia unayo! Imelipiwa mpaka mwakani! Hakuna mtu duniani anayerudi nyuma. Inakusumbua nini?"

"Hainisumbui."

"Sasa?"

"Ndiyo hivyo. Hainisumbui."

Abdulhakim alimtazama. Alikuwa na mama yake Jang'ombe, nyumba imejaa wajukuu, hapati hata pa kukaa akienda kumsalimia. Alasiri alikuja akaifanya ile kazi, na alipopewa ujira wake akaukataa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, dirisha likatoka. Maneno yale yale, kidude cha chungwa kile kile. Bi. Muzna akalitazama kama mtu aliyeonana na jamaa yake bandarini. Akabipu. Akabipu tena.

Simu haikuita. Akasubiri. Chai ikapoa. Saa nzima ilipita ndipo ikalia.

"Naam, mama." Sauti ya chini, ya kunong'ona. "Kuna nini?"

"Kompyuta imetoa maneno, mwanangu. Nakusomea."

Akaanza kusoma, polepole, nukta na mkato. Hisham hakumkatiza. Alipomaliza, Hisham akauliza:

"Mama, pale juu kabisa pana jina gani?"

Akalisoma jina.

"Hilo la ile ya bure."

"Ndiyo."

"Na ile niliyokuletea iko wapi?"

Angeweza kusema imeharibika. Angeweza kusema fundi kakosea. Uso ulimwiva, mwanamke wa miaka sitini na tatu, kama msichana aliyekutwa anasikiliza mlangoni. "Nimeitoa," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Haisemi kitu ile. Wiki sita, Hisham. Haijasema hata neno moja."

Alimsikia anapumua. Nyuma yake magari yanapita, na mtu anaita kwa Kiarabu.

"Mama, si ungesema tu? Ungenambia una hamu na mimi."

"Hamu si shida, mwanangu. Tuliagana mbili ni za shida."

Hapo maneno yakamtoka Hisham kwa mkupuo. "Mama, mimi nkiona mbili zako namwacha mteja kaunta. Natoka mbio nakwenda ngazini. Najua ni kompyuta, najua, lakini roho haikubali mpaka nikusikie. Nasema safari hii kaanguka ngazi. Safari hii presha. Mudiri, mkubwa wa duka, kanipa barua ya onyo mwaka jana. Mwezi wa pili kanipa ya pili. Leo kanisimamia mbele, ndiyo nimechelewa kukupigia. Ya tatu mtu anakatiwa viza, anarudishwa kwao. Ndiyo nikanunua ile. Sikutaka ujue, ukaja ukaona unanisumbua."

Bi. Muzna alikaa kitako. Kwa hivyo mlinzi wa bure alikuwa na mshahara siku zote, na aliyekuwa akimlipa ni mtoto wake, kwenye ngazi za duka la watu.

"Basi nimekusumbua," akasema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Mimi ndiye niliyesema. Rudi kazini."

"Ijumaa ntakupigia. Nkitoka msikitini tu. Kila Ijumaa, iwe shida, isiwe shida. Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Nenda, baba. Nenda."

Simu ikakatika. Bi. Muzna akabaki nayo mkononi, na hapo, msinilaumu kwa kusema, lilimpitia jambo. Barua ya tatu. Viza inakatwa. Hisham anapanda ngazi hizi na mabegi yake, anachukua chumba chake cha zamani, na watoto wanakimbia juu ya mbao wanamuumiza kichwa. Na kinachotakiwa ni nini? Kubipu mara mbili. Kesho mara mbili, keshokutwa mara mbili. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakuna ambaye angejua, hata Hisham mwenyewe angesema ni riziki imekwisha huko. Alilifikiria, wallahi alilifikiria, si kwa muda mfupi. Aliwaona mpaka watoto wanavyokaa mezani, na nani atakaa wapi.

Kisha akasema "Astaghfirullah" kwa sauti, akaiweka simu kabatini, akafunga mlango wa kabati. Akakitoa kile kiboksi cha manjano.

Safari hii hakumwita Abdulhakim. Alimtoa mwenyewe yule wa bure, na yule mlinzi, kwa adabu yake, akatoa dirisha la mwisho: una hakika unataka kuniondoa? Bi. Muzna akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, hapana mtu wa kumsikiliza. Akabonyeza ndiyo. Akatia sidii. Ile karatasi ya tarakimu na herufi ishirini na tano akaiegemeza kwenye kikombe, akazipiga zote kwa vidole kumi, macho kwenye karatasi, bila kutazama mashine. Hakukosea hata moja. Kingao kikaja pembeni, kijani. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza, na maneno haya aliyaelewa yote, kwamba umelindwa, na huna unalotakiwa kufanya.

Akaizima kompyuta. Akamwaga chai iliyopoa, akaosha kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pake. Ijumaa, alisema. Akakaa kwenye kiti cha Msabah karibu na dirisha, akaanza kuhesabu kwa vidole vile vile vya kazi: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alkhamisi. Jumamosi yenyewe hakuihesabu, ingawa hata adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.